Mtutu Uliovimba

Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo. Ukiutazama mtutu kwa mbali huuoni. Ukiupitishia kidole ndipo unapouhisi, shibiri moja kutoka mdomoni, kama pete iliyozama chini ya ngozi. Mimi ni fundi wa lifti hapa Stockholm, mwaka wa ishirini na tatu sasa, na vyuma vilivyoharibika nimeviona vingi. Lakini huo ulinikera kuliko vyote, kwa sababu niliuharibu mwenyewe, mbele ya baba yangu mzazi, kisha nikamtwisha yeye lawama.

Baba alikuja kututembelea mwezi wa nne kwa viza ya miezi mitatu. Ni mzee anayekaribia themanini, mtu wa Tabora vijijini, na ni msemaji. Kwenye treni kutoka Hagsätra, tunakoishi, alikuwa akimsalimu kila aliyeketi mbele yake, kwa Kiswahili, kwa sauti, na Waswidi wa watu wakajifanya wanasoma simu. Nikamweleza kwamba huku hatusalimiani na tusiowajua. "Sasa mtawajuaje?" akaniuliza. Ndani ya wiki mbili alikuwa na marafiki watatu kwenye benchi mbele ya duka, mmoja Mrundi, wale wawili sijui walisikilizana kwa lugha gani. Nyumbani alizungumza na mke wangu jikoni, alibishana na redio, alimsimulia binti yangu habari za ukoo mzima. Binti alimjibu kwa Kiswidi na mzee hakujali hata kidogo. Tulizoea sauti yake kama tulivyozoea mlio wa friji.

Enzi zake alikuwa na gobore, akilindia shamba la karanga dhidi ya ngiri na nyani. Serikali ilipotaka magobore yarudishwe alilibeba begani, akalipeleka ofisini, akarudi na karatasi. Sijawahi kumwona amenyong'onyea kama siku ile. Miaka mitano iliyopita nilipojiunga na klabu ya hapa ya watu wanaopiga shabaha kwa bunduki za baruti nyeusi, wenzangu walidhani napenda historia. Mimi nilifuata harufu. Baruti nyeusi ikiungua inanukia shati la baba la kazi.

Bunduki yangu si ya kale. Ni nakala iliyotengenezwa Italia miaka ya karibuni kwa kuiga za zamani, yenye mtutu mrefu na kitako cha mti wa jozi, na kibali chake cha polisi ninacho. Inajazwa kwa mdomoni kama gobore. Unaanza na baruti, halafu kitambaa chenye mafuta na risasi ya duara juu yake. Risasi inabana, kwa hiyo unaianzisha kwa kigongo kifupi mpaka iingie shibiri moja hivi. Kisha unachukua mdeki, ile fimbo ndefu, unaisukuma risasi mpaka chini ikae juu ya baruti, pasiwe na nafasi hata kidogo katikati. Hilo la nafasi si la mchezo. Risasi ikiachwa njiani, nguvu ya baruti inaikuta imeziba pale kama kizibo, na chuma ndicho kinachotoa njia. Kinavimba, au kinakupasukia usoni.

Nilikuwa nimepanga vizuri kabisa. Jumamosi ile tungepanda treni ya kijani kutoka mwisho wake wa Hagsätra hadi mwisho wake wa Hässelby, tuchukue basi hadi uwanjani, nipige mimi risasi mbili aone, halafu nimkabidhi. Nilitaka ashike tena bunduki kabla hajarudi. Hilo tu.

Risasi ya kwanza ilikwenda sawa. Baba alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. Ya pili nikaweka baruti, nikaingiza risasi kwa kile kigongo kifupi, na nilikuwa nanyoosha mkono kuuchukua mdeki aliponiita kutoka nyuma.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

Nikageuka. Asiyelelewa kwetu hatanielewa hapa. Ukiitwa na baba unaitika, unaacha ulichokuwa unafanya na unamtazama. Kuitika huku mikono inaendelea na shughuli zake ni utovu wa adabu, na adabu hiyo niliingiziwa mwilini kwa fimbo ya mpera kabla sijajua kusoma. Nina miaka hamsini na mbili, nina watu sita chini yangu kazini, na mwili uligeuka wenyewe.

"Hivi mama yako umempigia leo?"

"Nimempigia, baba. Hajambo. Anakusalimu."

"Na mguu?"

Nikamjibu habari za mguu. Nikamjibu na za mbuzi. Niliporudi kwenye bunduki, kichwani mwangu kazi ya kujaza ilikuwa imeshakwisha. Nikabandika fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, nikalenga, nikafyatua.

Mlio haukuwa ule ninaoujua. Bunduki ilinipiga teke, ikanitoka mikononi, ikaangukia ukingo wa meza ya zege. Kitako kikapasuka shingoni, nyuma kidogo ya mtambo wa kufyatulia, na nyundo ikapinda. Mimi nilichubuka shavu na masikio yakalia nyuki. Risasi ilikwenda inakojua yenyewe.

Msimamizi wa uwanja, mama wa Kiswidi mwenye nywele nyeupe na mtaratibu sana, alisimamisha kila kitu. Akaja, akaniangalia macho kwanza, kisha bunduki. Akauona mdeki umelala mezani mkavu, akaelewa mara moja. Akaniambia kwa upole kwamba anayejaza hasemeshwi, na akisemeshwa hajibu mpaka amalize. "Kujaza ni jukumu la anayejaza," akasema. Alikuwa ananisema mimi, na alikuwa na haki.

"Anasemaje?" baba akauliza.

Watu wa klabu walikuwa wamesimama wananitazama, mimi ambaye kila mwaka nawafundisha wageni kujaza. Nilikuwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyeaibika, inayotafuta pa kutua.

"Anasema wewe ndiye uliyesababisha," nikamwambia. "Kwa kunisemesha."

Baba alimtazama yule mama. Akanitazama mimi. Akavua vizuia sauti vya masikioni, akaviweka mezani taratibu, na tangu hapo hakusema kitu. Treni kutoka Hässelby hadi Hagsätra inachukua karibu saa nzima, inakatiza mji wote, na mzee yule hakumsalimu hata mtu mmoja.

Ndege yake ilikuwa baada ya siku ishirini na mbili, Jumapili. Siku za mwanzo nilidhani atazoea. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba na kuishia hapo. Chakula anakula, akishiba anasukuma sahani. Benchini hakwenda tena. Redio aliiacha iseme peke yake. Mtu wa umri ule, safari ya pili kuja huku haipo, na mimi likizo yangu ya kwenda nyumbani ni ya mwaka kesho, kama Mungu akipenda na mwajiri akikubali. Akiondoka na kimya kile, ndicho nitakachobaki nacho. Nililijua hilo kila asubuhi nikipiga mswaki.

Mke wangu ni mtu wa Bukavu, hana kona. "Papa hasemi tena," aliniambia. "Ulimufanya nini, wewe? Mzee anakaa tu pale, comme ça, kama mgonjwa." Nikamwambia sikumfanya kitu. Binti akapita na glasi yake ya maziwa, akasema, "Farfar är ledsen, pappa." Babu ana huzuni. Kana kwamba mimi sina macho.

Mimi kuomba radhi sijui. Sikufundishwa, na hapa si mahali pa kujitetea. Najua kutengeneza. Nikajiambia nitaitengeneza bunduki, nitamrudisha uwanjani kabla hajaondoka, atapiga, na mambo yatakaa sawa yenyewe. Nikatandika magazeti juu ya meza ya jikoni na kuifungua.

Skrubu ya nyundo ilikataa kutoka. Nikaitilia mafuta, nikaisubiri, ikakataa. Nikaipasha moto kidogo, ikakataa. Bisibisi ikateleza ikanichimba kiganja, nikaropoka tusi la Kiswidi, kwa sababu ya Kiswahili siwezi kuyatoa baba akiwa sebuleni. Ilipotoka hatimaye ilitoka bila kichwa; nyundo yenyewe niliinyoosha upesi, lakini siku mbili zikaishia kwenye kutafuta nyingine ya saizi ile, maana Mwitaliano aliyeitengeneza ana vipimo vyake anavyovijua yeye.

Kitako kilinitesa zaidi. Ufa ulikuwa safi, wa kufuata nyuzi za mti, na nikauona ni kazi ya jioni moja. Nikapaka ile gundi ya kuchanganya mbili, nikaubana kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaenda kulala nikijisifu. Kesho yake nikaupinda kidogo kuujaribu, ukafunguka kama mkate. Mti ulikuwa umekunywa mafuta ya bunduki, na gundi haishiki penye mafuta. Najua hilo! Kazini nawafokea vijana kwa hilo hilo. Nikauosha kwa dawa, nikausubiri ukauke, nikaugundisha tena, mara hii ukakaa upande, unywele mmoja tu, lakini unywele huo ulitosha mtambo usiingie mahali pake. Nikaikwangua gundi. Nikaanza upya. Mara ya tatu nikapitisha na pini ya shaba ndani ya shingo, na ukashika.

Kazi yote hiyo baba alikuwa ameketi hatua sita kutoka pale, kwenye kiti cha dirishani. Zamani majirani walimletea magobore yao, naye akiyafunga kwa waya, ngozi mbichi na akili yake. Anajua mti kuliko mimi. Neno moja lingeniokolea siku tatu. Nilikuwa najua anaona kila kosa, na naye anajua kwamba najua, na hakuna aliyefungua mdomo.

Siku ya saba tangu ajali alinyanyuka. Nikadhani anakwenda msalani. Akaja mezani, akauchukua mtutu uliokuwa umelala kando, ambao mimi tangu Jumamosi nilikuwa nikiukwepa. Nilikuwa nimeutazama harakaharaka, nikajiambia uko salama, nikauweka. Baba akafumba macho, akaupitishia kidole cha shahada kuanzia nyuma kwenda mbele. Karibu na mdomo kidole kikasimama. Akauvuta mkono wangu, akaweka kidole changu pale pale, akakibonyeza ili nisijifanye sijaelewa. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Nilitamani aseme "hapa". Herufi nne tu. Nilitamani hata anitukane.

Fundi wa bunduki niliyempata yuko Sundbyberg, kwenye chumba cha chini cha jengo la maofisi. Alimulika ndani ya mtutu kwa taa ndogo kwa muda mrefu, na mimi nikawa nahesabu koleo zake ukutani. Akaniambia mambo matatu ambayo sitakiwi kuyafanya: kuugonga uvimbe urudi, kuupiga tupa, na kupiga risasi nyingine hata moja kabla hajamaliza. Mtutu uliovimba, alisema, ama unatupwa, ama unakatwa chini ya uvimbe kama chuma kilichobaki ni kizima. Ule wa kwangu ulikuwa mrefu na uvimbe ulikuwa karibu na mdomo. Huenda ukapona.

"Lini?" nikamwuliza.

"Wiki mbili. Tatu."

Nikamweleza habari za baba. Nikamweleza kwa kirefu, mtu nisiyemjua, mpaka nikaona aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema atajitahidi, ila mtutu haujui tarehe ya ndege ya baba yangu. Ningekuwa mimi na lifti yangu ningesema vile vile.

Huku nikimsubiri nikahangaika na kipimo cha baruti. Nilikuwa na kipimo changu nilichokizoea, nilichokipata kwa miaka mitano ya kujaribu, kikali kidogo, na nilijivunia jinsi kilivyopiga katikati. Fundi aliniambia nikiache. Mtutu unafupishwa, umepata msukosuko, kwa hiyo ni kama bunduki ngeni: anza na kipimo cha chini kabisa kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa aina hiyo na kipenyo hicho, na baruti nyeusi ya chembe zilezile zilizotajwa. Ile baruti ya kisasa isiyo na moshi isikaribie, hata kijiko, maana hizi bunduki hazikuumbwa kuibeba. Halafu kipimo upandishe kidogo kidogo, na usimame mapema.

Sawa. Lakini kitabu nilikuwa nimekipoteza. Bunduki niliinunua kwa mtu, kitabu kikaja nayo, na mahali kilipo anajua shetani. Nikawaandikia waagizaji wa bunduki hizi, wakanijibu kwamba wamepokea barua yangu. Nikawaandikia tena, wakanijibu kwamba wamepokea na hiyo. Nikaingia mtandaoni, kwa kukata tamaa, na huko kila mtu ni bingwa. Mmoja alinipa kipimo, wa pili akaniambia huyo wa kwanza anapiga bunduki ya watoto, wa tatu, kwa kujiamini kabisa, akashauri kiasi ambacho kingenipeleka kaburini na kitako changu cha gundi. Nikafunga kompyuta kwa nguvu mpaka binti akachungulia. Kitabu kilifika siku ya kumi na saba, kwa Kiitaliano na Kijerumani, herufi za kusomea kwa kioo cha kukuzia. Jedwali lakini halihitaji lugha. Nikatafuta mstari wangu, nikapiga duara kwenye namba ndogo kuliko zote.

Mtutu ulikuwa umesharudi siku mbili kabla yake, mapema kuliko fundi alivyoahidi. Fundi alikuwa ameupaka ile rangi ya kutafutia nyufa, ambayo hata sisi wa lifti tunaitumia, na hakuna ufa uliojitokeza. Ulikuwa mfupi sasa, umepata mdomo mpya unaong'aa. Na kwa kuwa ulikuwa mfupi, alama zangu kwenye mdeki zilikuwa hazina maana tena. Mdeki unautia alama mbili kwa wembe: moja inaonyesha bunduki tupu, ya pili inaonyesha risasi iliyofika chini juu ya kipimo chako. Alama ya pili isipolingana na mdomo, hupigi. Kama ningeitazama Jumamosi ile, ningekuwa na baba anayeongea.

Nilikuwa nakata alama ya kwanza, nikipanga ya pili niikate uwanjani, baba alipopita kwenda jikoni. Akasimama. Akaegemeza vidole vyake vinne kwenye mdeki, juu tu ya mdomo wa mtutu, vikiwa vimebanana. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipima gobore: unasukuma mpaka chini, halafu unapima kwa vidole fimbo iliyobaki nje. Vikizidi, kuna kitu hakijakaa. Kwa miaka mitano nilikuwa nawachekesha wenzangu klabuni kwa hadithi ya baba na vidole vyake, na wembe wangu ulikuwa unafanya kazi hiyo hiyo.

"Baba," nikasema, "ni kitu kimoja, si ndiyo?"

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na safari yake ya jikoni.

"Baba, sema basi!" Nilipiga kelele. Ndani ya nyumba yangu, nikampigia kelele baba yangu. Maji yalifunguliwa bombani, yakafungwa. Alirudi na glasi yake, akaketi.

Ikabaki Jumamosi moja, na kesho yake ndege. Asubuhi nilimwambia tunakwenda uwanjani na sikungoja jibu, maana jibu halikuwepo. Akavaa koti. Mji mzima tena kwa treni, mwisho hadi mwisho, mimi na mfuko wa bunduki katikati ya magoti, yeye dirishani.

Yule mama msimamizi alisoma barua ya fundi mara mbili. Tukaifunga bunduki kwenye tairi kuukuu, nikaijaza kwa ile namba ndogo ya kitabuni, nikakata alama ya pili, nikafunga kamba ndefu kwenye kifyatuo na sote tukajificha nyuma ya ukuta. Nikavuta. Moshi mweupe, mlio mzito, ule ninaoujua. Nikaenda kuupapasa mtutu kuanzia nyuma hadi mbele. Laini. Tukarudia mara mbili zaidi, nikapapasa kila mara. Halafu nikaitoa kwenye tairi, nikajaza tena, nikaangalia alama, nikapiga nikiwa nimeishika. Nikajaza, nikaangalia, nikapiga. Risasi zilianguka chini kidogo ya katikati na sikujali.

"Baba, njoo. Zamu yako."

Alikuwa amesimama nyuma ya mstari wa njano, mikono nyuma, vizuia sauti masikioni. Akatikisa kichwa. Nikamwita tena, kwa ishara. Akakataa tena.

Damu ikanipanda. Wiki tatu za gundi na skrubu na barua, kiganja changu kina kovu, nimejidhalilisha Sundbyberg, na anatikisa kichwa. Nikahakikisha bunduki ni tupu, nikaiweka mezani, msimamizi akatangaza mapumziko, nikamfuata. Nikamvua vizuia sauti mwenyewe, kitu ambacho siku nyingine nisingethubutu.

"Hutaki kupiga, sasa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukaa kimya," akasema.

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukosa kazi. "Nilitaka nione kama naweza," akaendelea. "Mpaka umalize."

Nikaketi kwenye benchi. Yeye naye akaketi. Mbele yetu watu walikuwa wanabandika karatasi mpya za shabaha.

"Baba, yule mama hakusema vile," nikasema. "Siku ile. Alinisema mimi. Alisema jukumu ni la anayejaza. Yale mengine niliyatia mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtu hamlaumu mzee kwa uso wa upole namna ile. Nilijua ni wewe."

"Nisamehe, baba."

Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Lakini ulisema kweli," akasema. "Baba yako mdogo mimi ndiye niliyemwita."

Baba mdogo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na tulimzika mwaka juzi. Tangu nijue akili, mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole gumba na kidole kimoja cha mwisho, basi. Gobore lilimpasukia akiwa kijana. Ukoo mzima, kijiji kizima, sote tulijua sababu: baruti mbovu, mfanyabiashara fulani aliichanganya. Mtu huyo alifukuzwa sokoni kwa ajili hiyo.

"Haikuwa baruti," baba akasema. "Alikuwa anajaza, mimi niko ng'ambo ya shamba. Nikamwita. Nilitaka kumwuliza kama amekula. Akaacha, akageuka, akaniitikia vizuri tu. Halafu akarudi akapiga."

"Ulimwambia?"

"Nilisema nitamwambia akipona. Alipopona nikasema baada ya mavuno." Akaviweka viganja vyake magotini. "Tukila nyama, yeye hawezi kukata. Nilikuwa namkatia mimi. Miaka yote ile, hata alipokuwa na wake na wajukuu, sahani yake inaletwa kwangu kwanza. Na kila mara ananiambia, ahsante, kaka."